Kibwebwe cha Mtukufu Lakwangu

Nchi ya Tamvuani ilianzia pale ambapo mlima ulichoka kupanda, na ikaishia pale ambapo mto Kizembe ulisahau ulikokuwa ukielekea, ukajitandaza na kuwa ziwa la kina cha magoti. Na baina ya mipaka hiyo miwili ya uvivu waliishi watu wenye bidii kubwa ya kula pamoja. Nyumba zao zilikuwa za udongo mwekundu na milango ya buluu, na kila nyumba ilitundika ukutani, upande wa barabarani, ubao mmoja mrefu wa mninga uliopigwa randa hadi ukang'aa. Siku ya karamu mbao hizo ziliteremshwa, zikapangwa moja baada ya nyingine juu ya vigogo, zikawa meza moja iliyopita katikati ya mtaa kuanzia kisimani hadi kwenye kinu cha kusagia, na hapakuwa na mgeni, mpita njia wala mdoezi aliyeulizwa amealikwa na nani.

Juu ya mtaa, kilimani, lilikaa kasri la ukoo wa Lakwangu. Lilikuwa na madirisha mengi ya kutazamia chini, wala halikuwa na hata moja la kupitishia hewa. Watawala wake wote waliitwa Lakwangu, baba kwa mwana, na kila aliyerithi kiti alirithi pia tumbo la kukijaza. Fahari yao ilikuwa Kalamu Kuu, kigogo cha mpingo kilichochongwa mfano wa kalamu, kirefu kama upondo wa kusukumia mtumbwi, chenye ncha ya dhahabu ambayo haikuwahi kuchovywa wino kwa sababu hakuna mfinyanzi aliyeweza kufinyanga kidau cha kuitosha. Ilibebwa mabegani siku za sherehe, watu wakaishangilia, kisha ikarudishwa kulala kwenye mto wa hariri. Kalamu hiyo ililala vizuri kuliko raia wengi.

Sasa, Watamvuani walikuwa na neno moja walilolipenda na kulitumikisha kama punda wa kukodi. Neno lenyewe lilikuwa kuandika. Karani aliandika barua. Mwenye shamba aliandika vibarua, wakaanza kazi asubuhi yake. Mganga aliandika dawa juu ya goti lililovimba, akaifunga kwa jani la mgomba. Mvushaji wa mto aliuandika mtumbwi wake, maana yake aliushika usukani akauelekeza ng'ambo. Na mwanamke aliyepanga sahani, akapakua wali, akahakikisha kila mtu ana chake, huyo aliandika meza. Likitokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, watu waliinua mabega wakasema ndivyo lilivyoandikwa, wakaendelea kula. Hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa, kwa maana kila mtu alijua anazungumzia kazi gani, na kila kazi ilikuwa na mwenyewe.

Kuandika meza ndiko kulikokuwa na masharti makali kuliko yote. Anayeandika alifungwa kibwebwe kiunoni na wanawake wa mtaa, fundo likakazwa mgongoni ambako mikono yake haifiki, na tangu hapo hakuruhusiwa kuketi, wala kula, wala kumwamrisha mtu yeyote, mpaka mgeni wa mwisho ashibe na kunawa mikono. Inasemekana hapo kale alikuwapo mwanamke mmoja aliyeutumia upawa kama fimbo ya enzi, minofu akawapa ndugu zake na mifupa akawapa majirani, na mtaa ukaapa kwamba upawa na amri havitakaa tena katika mkono mmoja. Mila hii kila mtoto wa mtaani aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kasrini hakuna aliyeijua, kwa sababu chakula cha kasrini kilifika kimefunikwa, na waliokula hawakuwahi kujiuliza kilikotoka.

Lakwangu wa zama hizi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alianza kwa kudai barua. Kalamu ni yangu, alisema, basi na kuandika ni kwangu. Waziri wake aliitwa Naamu, mzee mkondefu ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kusikika akitoa jibu lolote isipokuwa hilo jina lake, naye akasema, "Naamu, Mtukufu." Barua zikakoma. Wachumba wakaanza kupelekeana maua na vipande vya miwa, mambo yakaenda vizuri tu, na hilo likamuudhi Mtukufu kupita kiasi. Akadai na kuandika kazi: mashambani wakajaa wapwa zake, ambao hawakujua kutofautisha mpunga na magugu, wakapalilia mpunga. Akadai na kuandika dawa: wenye magoti yaliyovimba wakapanga foleni mlangoni kwa kasri, wakachechemea kurudi nyumbani. Akadai na kuiandika mitumbwi, watu wakakunja nguo wakavuka kwa miguu huku wakirushiana maji na kucheka, maana Watamvuani hata dhiki waliipokea kama mgeni wa kutaniwa.

Alipodai na kuandika meza, hapo hawakucheka. Mpiga mbiu alipita na kutangaza kwamba kuanzia siku ile mwenye kuandika katika Tamvuani ni mmoja, na mmoja huyo ni Mtukufu Lakwangu, na anayetaka kuandika chochote, kwa maana yoyote, aende akaombe ruhusa. Mbao zikabaki ukutani. Mtaa ukawa na vumbi mahali pa harufu ya mchuzi.

Aliyeumia zaidi alikuwa Siwema.

Siwema alikuwa msusi wa mikeka, binti mrefu mwenye kicheko kilichosikika nyumba ya tatu, na alikuwa amechumbiwa na Makame seremala. Huko Tamvuani bibi harusi hakuitwa mke mpaka ubao wake mpya uunganishwe na meza ya mtaa na uandikwe chakula, kwa kawaida kwa mkono wake mwenyewe, watu wale juu yake. Makame alikuwa ameuchonga ubao huo kwa mikono yake mwenyewe, akaupaka mafuta ya nazi, akachora kwenye kona samaki mwenye uso wa mshangao, kwa kuwa siku waliyokutana Siwema alikuwa ameteleza mtoni akaibuka na uso kama huo. Lakini mila ilikuwa na upande wake mchungu: ubao wa harusi uliopitwa na masika bila kuandikwa ulipasuliwa kuni, na uchumba ukafa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kupungua. Kila asubuhi Siwema alitoka uani akatazama mawingu, na kila asubuhi yalikuwa mepesi kidogo kuliko jana. Aliogopa, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuogopa, alikuwa akiogopa vibaya: alisuka mkeka akasahau kukoma, ukarefuka hadi ukatoka mlangoni.

Akapanda kilimani kuomba ruhusa. Mtukufu alimpokea akiwa anakula tende, Naamu amesimama nyuma yake kama kawaida, macho yakizifuata tende kutoka sahanini hadi mdomoni.

"Meza?" alisema Lakwangu. "Nikupe wewe kalamu yangu ukapakulie wali? Nenda nyumbani, binti. Siku nitakayoona meza yako inafaa kuandikwa, nitaiandika mimi mwenyewe."

"Naamu," alisema Naamu.

Siwema alishuka akilia waziwazi, bila kujificha, mpaka kwa Bi Kazija, somo yake aliyekuwa akimfunda mambo ya unyumba. Bi Kazija alikuwa mama mfupi, mpana, aliyeolewa mara nyingi na kufurahi kila mara. Alimpa maji, akamwacha alie, kisha akamuuliza alivyojibiwa.

"Amenifukuza, somo. Amesema akitaka ataiandika yeye mwenyewe."

Aliposikia maneno yake mwenyewe, kicheko kilianza kifuani mwa Siwema, kikapanda, na kikasikika nyumba ya tatu.

"Somo," alisema akifuta macho, "si ameshasema?"

"Amesema, mwanangu. Na waziri wake ameitikia."

"Unadhani anajua?"

"Yule? Yule anadhani wali huota ukiwa na nazi yake ndani. Nenda kamwalike, na uvae vizuri."

Siwema akapanda tena kilimani, safari hii amevaa leso mpya na jasmini masikioni. Alipiga goti, akaamkia, akaitikiwa marahaba.

"Nimekukatalia ruhusa," alisema Lakwangu.

"Sikuja kuomba ruhusa, Mtukufu. Nimekuja kukualika. Tumeona makosa yetu. Katika nchi hii mwenye kuandika ni mmoja, basi tunamwomba huyo mmoja aje aiandike meza ya harusi yangu, na mtaa mzima uone inavyofanywa na mwenyewe."

Lakwangu aliacha kutafuna. Aliwaza ngoma, akawaza watu wamejipanga pande mbili, akawaza Kalamu Kuu ikimtangulia. Mwenye kuandika, alivyoelewa yeye, ndiye mkubwa wa meza, na mkubwa wa meza hukaa mwanzo wa meza, na wa mwanzo hula kwanza. Hakuona kwa nini awaulize watu wa mtaani jambo lililo wazi kiasi hicho.

"Kutakuwa na pilau?"

"Sufuria kwa sufuria, Mtukufu."

"Waziri, unaona kuna ubaya wowote katika jambo hili?"

Naamu alimtazama Siwema. Alikuwa amezaliwa mtaani, ingawa watu wengi walikuwa wamesahau, na mama yake aliwahi kufungwa kibwebwe mara nyingi. Kisha akamtazama bwana wake, akajibu kama alivyojibu siku zote.

"Naamu, Mtukufu."

Lakwangu, ambaye hakuwahi kusikiliza jibu hilo hadi mwisho, akapiga makofi akaagiza ngoma zitayarishwe.

Siku ilipofika, mtaa uliamka na moshi. Mbao ziliteremshwa kutoka ukutani, zikafutwa vumbi, zikapangwa kuanzia kisimani. Kwa kuwa mpiga mbiu, kwa amri ya Mtukufu, alikuwa amepita kila pembe ya nchi kutangaza sherehe, watu walikuja kutoka kila pembe ya nchi, kila ukoo na ubao wake kichwani, na mbao zikaungwa zikapita kinu, zikapita shamba la miwa, zikapanda kilima zikielekea kasrini kwenyewe. Wenye magoti yaliyovimba walikuja. Wapwa wa mashambani walikuja, na walikuwa na njaa, maana mpunga walikuwa wameupalilia wote. Ubao wa Siwema, kwa kuwa ulikuwa mpya, uliwekwa wa mwisho, karibu na mlango wa kasri, juu ya mfereji mpana wenye kina kirefu uliotiririsha maji ya mvua.

Mtukufu alishuka na ngoma zake, na Kalamu Kuu ikimtangulia. Alitafuta kiti.

"Kwanza utafungwa, Mtukufu," alisema Bi Kazija kwa heshima kubwa, kanga nyekundu mkononi. "Haiandikwi bila kibwebwe."

Lakwangu alidhani ni nishani. Akainua mikono, akavuta tumbo ndani, na wanawake wa mtaa wakamzunguka wakipiga vigelegele, wakakaza fundo mgongoni kwa nguvu zao zote, wakarudi nyuma wamtazame. Bi Kazija akamkabidhi upawa. Kisha, kwa sauti ya kusikika kote, akayasoma masharti kama yalivyosomwa kwa kila bibi harusi tangu mababu: haketi, hali, haamrishi, mpaka wa mwisho anawe.

"Wa mwisho nani?" aliuliza Lakwangu.

Bi Kazija akaunyosha mkono kuelekea bondeni, ambako meza ilishuka, ikapinda, ikapotea nyuma ya miwa, watu wamekaa pande zote mbili na mikono imekwisha kunawishwa. Walikuwa wakimtazama kwa furaha ya kweli, kama watu wanavyomtazama mtoto anayesimama kwa mara ya kwanza.

Angeweza kukataa. Lakini ngoma zilikuwa zinalia, nchi nzima imeketi, na yeye ndiye aliyetangaza kwamba hakuna mwingine. Akachota pilau, akaimwaga nusu kwenye sahani ya kwanza na nusu kwenye paja la mganga. Kicheko kilichopasuka kilishuka kikafuata meza hadi bondeni, ambako watu walicheka kabla hawajajua kwa nini. Mtukufu akachota tena. Hii ya pili ikafika yote sahanini.

Alifanya kazi, lazima tuseme ukweli. Alipanda na kushuka, akabeba masinia, akapeleka kachumbari kwa walioitaka na kwa wasioitaka, akaulizwa chumvi, akaulizwa maji, akaitwa "wewe wa mchuzi" na bibi mmoja asiyeona vizuri. Jasho lilimtoka mpaka kilemba kikamshuka machoni. Mara mbili alifungua mdomo atoe amri, na mara mbili watoto wa meza nzima wakaimba kwa sauti moja, "Kibwebwe!" Akafumba.

Alipopanda tena hadi kwenye ubao wa mwisho, karibu na mlango wa kasri, Siwema na Makame walikuwa wamekaa bega kwa bega, hawajala, wameshikana mikono chini ya meza. Mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza, nyepesi, labda ya mwisho ya masika, na Siwema aliisikia kila tone mgongoni. Ubao ule uliegemea kingo mbili za mfereji bila kigogo cha katikati. Lakwangu alipoweka sinia la kwanza ubao ukalia. Alipoweka la pili ukapinda, masinia yakaanza kuteleza kuelekea majini, na samaki yule wa kona akaonekana kama aliyejua tangu mwanzo.

"Siwema!" alilia Makame. Siwema alikuwa amefumba macho.

Mtukufu aliona wali wake ukienda. Wali wake! Aliuchota yeye, akaubeba yeye, akapanda nao kilima kizima. Ghadhabu aliyoisikia haikuwa ya mtawala; ilikuwa ile ya kila mama wa mtaa ambaye kuku ameruka juu ya sahani zake. Alitazama huku na huku, akainyakua Kalamu Kuu mabegani mwa wabebaji, akashuka mferejini na viatu vyake vya hariri, akaikita ncha ya dhahabu kwenye matope na kitako akakiingiza chini ya ubao. Ubao ukasimama. Kalamu ilikuwa na urefu uleule uliohitajika.

Kisha Siwema akafumbua macho, akaona chakula kimetulia mbele yake, akamega tonge la kwanza akamlisha Makame, na Makame akamega akamlisha yeye, na vigelegele vilivyopigwa vilimtisha mto Kizembe ukakumbuka kwa muda kidogo ulikokuwa ukienda. Alikuwa mke. Alikuwa pia bibi harusi wa kwanza katika historia ya Tamvuani kuketi kwenye harusi yake na kula pilau ikiwa moto, na alikula, akaomba kuongezewa.

Lakwangu alitoka mferejini na matope hadi mapajani. Chini bondeni sahani zilikuwa zikiinuliwa tena.

"Bibi harusi," alisema kwa sauti ya chini, "nisaidie."

"Ningependa, Mtukufu. Lakini mwenye kuandika ni mmoja."

"Nakuruhusu."

"Mimi peke yangu? Meza inafika kisimani."

Mtukufu akageuka akaitazama meza. "Nawaruhusu nyote," alisema. "Andikeni. Meza, barua, dawa, mitumbwi, chochote. Andikeni tu, nikae."

Hapo wanawake wakasimama, na wanaume wakasimama, pawa zikatokea kila upande, na kazi iliyomtoa mtu mmoja roho ikawa mchezo wa watu wengi. Mganga alilifunga goti la jirani yake palepale mezani. Wavushaji wakakimbilia mitumbwi yao na sahani mkononi. Siwema akajifunga leso kiunoni, akachukua upawa, akaanza kumpakulia kila aliyekuwa karibu, akiimba, na huruma ikamwingia, akamfuta Mtukufu jasho kwa ncha ya leso yake.

Watu wakashiba. Mmoja mmoja walinawa, birika likipita kutoka mkono hadi mkono, mpaka jua likiwa bado juu akabaki mgeni mmoja tu ambaye hajanawa. Alikuwa amekaa kwenye kona ya ubao wa Siwema, penye samaki, mgongo umenyooka, anakula polepole kwa uangalifu wa mtu aliyesimama nyuma ya viti vya wengine umri wake wote. Lakwangu alimwendea na birika. Uso wake ulikuwa umejaa matumaini.

"Waziri wangu. Umeshiba?"

Naamu alitafuna, akameza, akaifikiria sahani yake.

"Bado," alisema.

Mpaka leo wanabishana Tamvuani kama ile ruhusa ya Mtukufu ilikuwa halali, kwa sababu aliitoa akiwa na kibwebwe, na mwenye kibwebwe hatoi amri. Wengine wanasema ilikuwa amri. Wengine wanasema ilikuwa ombi la mtu aliyechoka, na ombi halikatazwi. Bi Kazija anasema suala hilo litaamuliwa siku Mtukufu atakapofunguliwa fundo, si kabla, na kwamba haoni haraka yoyote. Kalamu Kuu haiwezi kuondolewa bila kumwaga chakula cha mtu. Na kila siku, barua zikishaandikwa na vibarua wakishaandikwa na mitumbwi ikishavuka, Siwema hupanda kilimani na sahani ya moto mkononi, akaiweka juu ya ubao wake, mbele ya Naamu, ambaye hushukuru, huegemea, na kumwomba Mtukufu amwongezee mchuzi kidogo. Mtukufu huenda kuuleta. Walio karibu naye wanasema siku hizi huonja chumvi njiani kwa ncha ya kidole, hutikisa kichwa, hurudi jikoni kuongeza, na mara mojamoja husikika akiimba.